Kulala nangani na familia bila nanga kung'oka: mwongozo kamili kwa pwani yenye bamvua

Familia zinazoishi ndani ya boti za matanga kwenye pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mikindani, hupatwa na vituko vingi: choo kuziba, sufuria ya mchuzi kupinduka, kidau kukatika kamba. Vyote hivyo hutengenezeka. Swali linalorudi kila msimu ni hili: "Jioni tulitia nanga vizuri, kila mtu akala akalala. Kwa nini usiku wa manane tumejikuta karibu na mwamba?"

Karibu kila mara jibu ni lilelile. Walipima kina cha saa ile waliyofika, wakatoa mnyororo kulingana nacho, na hawakuijaribu nanga kabla ya kuzima injini. Maji yakajaa usiku, mnyororo ukawa mfupi, nanga ikang'oka. Mwongozo huu unafuata kazi hiyo mwanzo hadi mwisho, kwa boti ya mita 10 hadi 12 yenye watu wazima wawili na watoto.

## Vitu vya kuwa navyo

- Nanga kubwa ya umbo la jembe, kilo 15 hadi 20. Nanga ndogo ya meno manne, kama ile ya ngalawa, inashika mawe lakini mchanga inauchana tu.
- Mnyororo wa milimita 8 au 10, usiopungua mita 50, na kamba ya nailoni ya kuuongeza.
- Alama kwenye mnyororo kila baada ya mita 10. Tumia rangi tofauti: nyekundu kwa 10, nyeupe kwa 20, njano kwa 30, na kuendelea.
- Kamba ya nailoni ya mita 6 hadi 8 ya kupokea mshtuko, yenye kulabu ya kushika mnyororo.
- Nanga ya akiba na kamba yake, mahali pa kufikika bila kuhamisha magunia.
- Kipima kina. Usipokuwa nacho, bildi: kamba yenye fundo kila mita na kizito cha risasi mwishoni.
- Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la bandari iliyo karibu.
- Dira ya mkononi, tochi mbili zenye mwanga mkali, na simu au GPS yenye kengele ya nanga, inayolia boti ikitoka mahali pake.
- Taa nyeupe ya kuonekana pande zote, na tufe jeusi la kupandisha mchana kuonyesha kwamba mko nangani.
- Jaketi okozi la kila mtoto, la saizi yake.
- Glovu ngumu, kisu kikali, miwani ya kuzamia.

Kagua jambo moja kabla ya safari: ule mwisho wa mnyororo ulio ndani ya boti. Ufunge kwa kamba imara inayofika juu ya sitaha, usiufunge kwa shakeli (pingu ya chuma). Siku ukilazimika kuacha kila kitu na kuondoka, kamba utaikata kwa kisu. Shakeli yenye kutu haikatwi gizani.

## Hatua ya 1: Yajue maji ya usiku huo

Kwenye bahari yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za maji mafu tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo, lakini siku za bamvua, yaani maji makubwa, Tanga na Unguja, inaweza kukaribia mita 4. Mtu aliyejifunza kuendesha boti kwenye ziwa au kwenye bahari isiyo na bamvua kubwa hukosea hapa kwanza.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na huwa kubwa zaidi siku moja au mbili baadaye. Kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, siku hizo maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa karibu na saa nne na kupwa karibu na saa kumi. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Kwa hiyo hata kabla ya kufungua jedwali, ukiuona mwezi mpevu unajua kwamba maji unayoyaona saa kumi jioni yatakuwa yameondoka ifikapo saa nne usiku, na yatarudi alfajiri watoto wakiwa wamelala. Jedwali litakupa mita kamili. Liangalie kila siku.

Umefanikiwa ukiweza kumjibu mwenzako maswali matatu: maji sasa yako wapi, yatapwa hadi wapi usiku, na yatajaa hadi wapi kabla ya asubuhi.

## Hatua ya 2: Chagua mahali jua likiwa juu

Fika kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua likiwa nyuma yako. Hapo rangi za maji zinakueleza kilicho chini: kijani cha mpauko ni mchanga, kahawia ni matumbawe, madoa meusi mara nyingi ni majani ya bahari. Jua likiinama mbele yako, maji yote yanang'aa rangi moja na mwamba hauonekani.

Unatafuta mchanga au tope gumu. Kwenye majani ya bahari nanga hubeba fungu la majani badala ya kuzama, na utaona imeshika kumbe imelala juu juu. Kwenye matumbawe usitie kabisa. Mnyororo unaozunguka usiku kucha huvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua, na wavuvi wa kijiji kile ndio wanaopoteza mazalia ya samaki. Ndani ya hifadhi, kama ile ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa 1995, kuna masharti yake: waulize askari wa hifadhi, lipa kinachotakiwa, na pakiwa na boya la kufungia litumie.

Upepo nao una majira yake. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, tafuta kinga upande wa kusini na kusini mashariki. Wakati wa kaskazi, kinga iwe upande wa kaskazini mashariki. Ghuba ya Msasani ni mfano mzuri: kusi likivuma panakalika, lakini kaskazi likishika, mawimbi huingia moja kwa moja na watoto hawalali. Mahali palipokupa usingizi Julai usipaamini Januari.

Halafu uliza. Msogelee mzee aliye kwenye ngalawa, punguza mwendo, mwamkie: "Shikamoo mzee. Hapa chini ni mchanga au mawe? Nyavu zimetegwa wapi?" Atakwambia jambo ambalo ramani haina.

Tahadhari: usimfuate jahazi au dau mpaka alipolala yeye. Vyombo vyetu vingi huachwa vipwelewe kwa makusudi, hukaa juu ya mchanga na kusubiri maji. Boti yenye mkuku mrefu (uti wa chini ya boti) ikipwelewa inalala ubavu, na kila kitu ndani kinahamia upande mmoja, pamoja na betri na mtungi wa gesi.

## Hatua ya 3: Piga hesabu kwa maji ya kujaa

Hapa ndipo wengi hufeli, kwa hiyo tutulie.

Nanga hushika kwa sababu mnyororo unaivuta kwa ulalo, sambamba na sakafu ya bahari, nayo inazidi kujichimbia. Mnyororo ukiwa mfupi unaivuta kwenda juu, na kuvutwa juu ndiyo namna ya kuing'oa. Uzito wa nanga peke yake hauwezi kuizuia boti ya tani kadhaa.

Jumlisha mambo matatu: kina cha sasa, kiasi ambacho maji bado yatapanda, na urefu kutoka usawa wa maji hadi pale mnyororo unapotokea mbele ya boti. Zidisha kwa 5 kama unatumia mnyororo mtupu na hali ni shwari. Zidisha kwa 7 kama sehemu kubwa ni kamba, au kama kusi limechachamaa.

Mfano. Ni siku ya bamvua, umefika saa nne asubuhi maji yakiwa yamekupwa. Kipima kina kinasoma mita 4. Jedwali linasema yatapanda mita 3.5. Kutoka majini hadi kwenye kapi la nanga ni mita 1.

4 + 3.5 + 1 = 8.5
8.5 × 5 = mita 42.5

Anayezidisha kina cha saa ile tu anapata 4 × 5, yaani mita 20. Maji yakijaa, mita zake 20 zimebaki mara mbili na ushee tu ya kina. Hiyo ndiyo nanga inayong'oka usiku.

Sasa hesabu ya upande wa pili. Umefika saa kumi jioni, maji yamejaa, kina mita 5, unaona pazuri. Toa mita 3.5 zitakazoondoka: saa nne usiku utabaki na mita 1.5. Mkuku wako ukiwa wa mita 1.8, umeshapwelewa. Baki na angalau mita 1 ya ziada chini ya mkuku maji yakikupwa, na zaidi panapoingia mawimbi.

Jua pia kipima kina chako kinasoma kutoka wapi. Vingine hupima kutoka usawa wa maji, vingine kutoka chini ya mkuku, vingine kutoka pale kilipofungwa. Shusha bildi siku moja ya shwari ulinganishe, kisha andika tofauti hiyo karibu na usukani.

Umefanikiwa ukiwa na namba mbili kwenye karatasi: mita za mnyororo, na kina cha chini kabisa cha usiku huo.

## Hatua ya 4: Gawa kazi, kubalianeni ishara

Mtu mmoja usukani, mmoja mbele kwenye nanga. Injini ikinguruma na upepo ukivuma hamtasikilizana, na kupigiana kelele mbele ya watoto hakujawahi kusaidia nanga kushika. Tumieni mikono: kidole mbele ni nenda mbele, kiganja nyuma ni rudi nyuma, ngumi juu ni simama, mkono ukielekea upande ni geukia huko.

Watoto wapewe kazi ya kweli mbali na mnyororo. Mkubwa ahesabu rangi kwa sauti zinapopita. Mwingine ashike dira kwenye kiti cha nyuma. Mdogo kabisa akae ndani ya boti, au amefungwa jaketi na kushikwa. Hakuna mtoto mbele mnyororo unaposhuka: unakwenda kasi, na kidole kikiingia kati yake na winchi (mashine ya kuvuta mnyororo) hakitoki kizima. Mtu mzima naye avae viatu na glovu.

## Hatua ya 5: Shusha, usitupe

1. Zungukia eneo zima polepole huku ukisoma kina. Hakikisha hakuna mwamba ndani ya duara ambalo boti itazunguka. Kwa mnyororo wa mita 42 na boti ya mita 11, duara hilo lina nusu kipenyo cha mita 50 hivi maji yakiwa chini.
2. Angalia majirani. Boti ya kamba huzunguka tofauti na ya mnyororo, na jahazi lenye amari (kamba ya nanga) fupi halitazunguka kama wewe. Kaa mbali kuliko unavyodhani inatosha.
3. Elekeza omo, yaani mbele ya boti, kwenye upepo, au kwenye mkondo kama ndio wenye nguvu. Utajua kwa kutazama boti zilizokwisha kulala zimeelekea wapi.
4. Boti ikisimama kabisa, shusha nanga hadi iguse chini. Ukiiacha iporomoke, mnyororo unarundikana juu yake na kuifunga.
5. Acha boti irudi nyuma taratibu huku ukitoa mnyororo, ulale chini kwa mstari.
6. Ikifika nusu ya urefu, shika kidogo ili nanga igeuke na kuelekea inakovutwa. Kisha toa uliobaki.

Dalili nzuri: omo inageuka yenyewe kuelekea nanga, mnyororo unanyooka, kisha unalegea.

## Hatua ya 6: Ijaribu kwa injini

Usiiruke hatua hii hata kama watoto wana njaa.

Subiri dakika chache nanga itulie. Weka rivasi, injini ikizunguka polepole, uache mnyororo unyooke. Kisha ongeza polepole hadi karibu nusu ya nguvu, ushikilie hapo kwa nusu dakika hivi. Wakati huo tazama vitu viwili vya nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja ubavuni mwako, mnazi wa mbele na paa la nyuma yake, kwa mfano. Vikibaki kwenye mstari, umeshika. Vikianza kuachana, boti inakwenda.

Mtu aliye mbele agusie kiganja kwenye mnyororo uliokaza, mbali na winchi. Nanga iliyoshika inatulia. Nanga inayoburuzika hutetemesha mnyororo, utausikia mkononi.

Ikikataa, ing'oe na uanze upya mahali pengine. Ikikataa mara ya pili, tatizo ni sakafu: tafuta mchanga mwingine. Mnyororo mrefu haugeuzi mwamba kuwa mchanga.

Maji yakiwa safi na hakuna mkondo, mtu mzima avae miwani aogelee akaione. Nanga nzuri imezama hadi karibu kutoonekana. Katika hori za Kilifi na Mtwapa maji huwa na tope. Huko tegemea injini na alama za nchi kavu.

## Hatua ya 7: Funga kamba ya mshtuko

Shikisha kulabu ya kamba ya nailoni kwenye mnyororo, funga mwisho wake kwenye nguzo imara ya mbele, kisha legeza mnyororo hadi mzigo wote uhamie kwenye kamba. Nailoni inavutika, hivyo wimbi likiinua boti nanga haipati mtikiso. Winchi nayo inapumzika. Haikutengenezwa kubeba boti usiku kucha. Zungushia kitambaa kinene pale kamba inaposugua ukingo. Faida ya ziada ni kwamba ile milio ya mnyororo chumba cha mbele inakwisha, na huko ndiko watoto wengi hulala.

## Hatua ya 8: Kabla ya kulala

Pima kwa dira pembe za vitu vitatu vitakavyoonekana hata gizani, kama mnara wa simu au taa ya gati, uziandike. Washa kengele ya nanga, ukihesabu duara kutoka pale nanga ilipo, si pale ulipokaa wewe. Ukikosea hapo kengele italia bure kila maji yanapogeuka, na mwishowe mtu ataizima.

Washa taa nyeupe ya juu. Weka na nyingine ndogo chini, usawa wa macho, maana wavuvi hupita usiku kwa ngalawa zisizo na taa na macho yao yako majini. Mchana pandisha tufe jeusi.

Kidau kipandishwe juu, au kifungwe kwa kamba mbili kwenye sehemu mbili tofauti. Kidau kinachopotea usiku ni kituko cha kawaida kuliko vyote, na asubuhi yake familia haina njia ya kufika sokoni wala zahanati. Kamba yake isiachwe ndefu majini, utaona sababu sasa hivi.

Ufunguo wa injini ubaki mahali pake. Tochi, kisu na glovu viwe pamoja, na sitaha iwe wazi.

Kisha panga zamu. Si lazima mtu akeshe, lakini amka maji yanapogeuka, kwa sababu ndipo boti huzunguka na nanga kuvutwa kutoka upande mpya. Siku za bamvua amka kama saa nne usiku na tena saa kumi alfajiri. Linganisha zile pembe tatu. Zikiwa zilezile, rudi ukalale.

## Nanga iking'oka usiku

Fuata mpangilio huu, na ufanyie mazoezi mchana mara moja.

1. Mwamshe mwenzako. Watoto wavae jaketi na wakae ndani, pamoja, mahali mlipokubaliana. Mkubwa awashike wadogo.
2. Mulika nyuma ya boti kabla ya kuwasha injini. Kamba ya kidau ikiingia kwenye rafadha (panga la injini), hamna tena injini.
3. Washa injini, sogea mbele taratibu kuelekea nanga ili kupunguza mzigo.
4. Kama nyuma yako pana nafasi na kina, toa mnyororo zaidi. Mara nyingi hiyo inatosha.
5. Kama hapana nafasi, ing'oe na usogee kwenye kina kirefu. Hakuna ulazima wa kurudi palepale gizani. Kukaa nje na injini hadi kupambazuke ni uamuzi mzuri.
6. Kama mnaelekea mwamba na nanga haipandi, kata ile kamba ya mwisho na muondoke. Ukiwa na nafasi, funga boya kwanza ili uifuate kesho.
7. Mkihitaji msaada, iteni kwenye redio ya VHF chaneli 16, mkitaja mlipo na idadi ya watoto.

Aliyeng'oka akiwa jirani yako, mpigie honi na umulike boti yake, kisha weka matakia kati ya ubavu wako na wake. Usiweke mkono wala mguu kati ya boti mbili. Waambie na watoto mapema.

## Kung'oa asubuhi, na nanga iliyonasa

Sogea mbele kwa injini huku mwenzako akivuta mnyororo unaolegea. Winchi inyanyue mnyororo. Kuivuta boti ni kazi ya injini. Mnyororo ukisimama wima, funga, acha boti iinue nanga kwa mtikisiko wa mawimbi, kisha vuta.

Ikikataa kutoka, imenasa. Usiongeze nguvu papo hapo. Legeza mnyororo, zunguka upande wa pili, vuta polepole kutoka kule ilikoingilia. Ikikataa bado, subiri maji yasimame kati ya kujaa na kupwa, mtu mzima azamie akaangalie ilivyokaa, injini ikiwa imezimwa na ufunguo akiwa nao yeye. Usiache mnyororo mfupi umefungwa wima maji yakiwa yanajaa: bahari itanyanyua boti, na kitakachovunjika kwanza kinaweza kuwa omo yako.

Osha tope kwenye mnyororo kabla haujaingia ndani, la sivyo chumba cha mbele kitanuka wiki nzima. Kagua shakeli na waya wake wa kufungia. Andika kwenye daftari mahali, kina, aina ya sakafu, upepo na mita ulizotoa, ili mkirudi msimu ujao mjue pa kuanzia.